Yeremia 29:11 na ile miaka 70 tusiyoipenda

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Leo nataka tukae na mstari ambao sidhani kama kuna Mkristo hajawahi kuusikia, ule wa "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Upo kwenye statasi za WhatsApp, upo kwenye kadi za mahafali, upo kwenye kioo cha nyuma cha daladala, mtu akikosa kazi anatumiwa huo, mchumba akiondoka anatumiwa huo huo. Mimi nafundisha Agano la Kale, na muda mwingine mwingi nakaa na watu wanaosubiri, waliomaliza chuo na ajira hakuna, dada zetu ambao kila harusi lazima mtu awaulize "na wewe lini", wanandoa ambao mtoto hajaja na mama mkwe ameshaanza maneno. Na kwa miaka hiyo yote nimeona kwamba tunauchomoa huu mstari kutoka kwenye barua yake, halafu tunashangaa mbona haututoshi.

Maana ni barua jamani. Sura ya 29 ni barua Yeremia aliyoandika kutoka Yerusalemu kwenda kwa Wayahudi waliochukuliwa mateka Babeli pamoja na mfalme Yekonia, mwaka 597 KK, wao na mama wa mfalme na wakuu na mafundi na wahunzi. Na mstari wa 10, yaani uliotangulia tu hapo, unasema Babeli ikitimiziwa miaka sabini ndipo nitawajilia na kuwarudisha. Sabini! Fanya hesabu kidogo: mtu aliyechukuliwa mwaka ule akiwa na miaka 30, Koreshi mfalme wa Uajemi anapotoa ruhusa ya kurudi mwaka 538 KK angekuwa na miaka 89. Kwa hiyo wengi waliosomewa ile barua kwa masikio yao walizikwa Babeli, na Mungu alijua hivyo wakati anawaambia nawawazia mawazo ya amani.

Sasa rudi sura moja nyuma, ya 28, kwa sababu hapo ndipo kwenye moto. Kuna nabii anaitwa Hanania, mtu wa Gibeoni, anasimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote anasema BWANA ameivunja nira ya mfalme wa Babeli, ndani ya miaka miwili vyombo vya hekalu vinarudi, Yekonia anarudi, mateka wote wanarudi. Miaka miwili! Hebu jiweke pale, mwanao yuko Babeli, mmoja anakuambia miwili mwingine anakuambia sabini, utampigia nani makofi? Na angalia Yeremia anavyojibu, hamrukii, anasema amina, BWANA na afanye hivyo. Naipenda sana hiyo amina, maana inaonyesha Yeremia hakufurahia habari ngumu, naye alitamani iwe miwili. Hanania akaitwaa nira ya mti shingoni mwa Yeremia, aliyoivaa kama ishara ya kuwatumikia Babeli, akaivunja mbele ya watu, Yeremia akaenda zake, na baadaye neno likaja kwamba nira ya mti imevunjwa ila sasa ni nira ya chuma, na Hanania akafa mwaka ule ule mwezi wa saba. Ila mafundisho yake hayakufa, kule Babeli napo walikuwepo wa aina yake, mmoja anaitwa Shemaya aliandika barua Yerusalemu kumshtaki Yeremia kwa kuhani, na shtaka lenyewe (29:28) ni kwamba ametuambia uhamisho huu ni wa muda mrefu, jengeni nyumba mkae. Yaani alitaka nabii afungwe kwa kusema mtasubiri sana.

Nakaa sana hapa kwa sababu roho ya Hanania naiona kila mkesha wa mwaka mpya. "Mwaka huu hautaisha hujaolewa." "Ndani ya siku saba simu itaita." "Panda mbegu leo uharakishe muujiza wako." Sisemi Mungu hatendi kwa siku saba, anaweza kutenda sasa hivi unavyosoma hapa, ninachosema ni kwamba anayekutajia tarehe ambayo Mungu hajaitaja anakuumiza mara mbili, kwanza anakupa tumaini lisilo na miguu, halafu tarehe ikipita anakuachia wewe lawama kwamba imani yako ilikuwa ndogo au una laana ya ukoo. Nimekaa na watu walioacha kazi ndogo waliyokuwa nayo kwa sababu waliambiwa kubwa iko mlangoni. Nimekaa na mama aliyeacha kwenda kliniki kwa sababu alitangaziwa kwamba ameshapokea. Hili linaniuma na sitaacha kulisema.

Haya, sasa Mungu mwenyewe aliwaambia wafanye nini katika hiyo miaka yote? Soma 29:5 mpaka 7, ni mambo ya kawaida mpaka unashangaa kuyakuta kwenye unabii. Jengeni nyumba mkae ndani yake. Pandeni bustani mle matunda yake. Oeni, zaeni, waozesheni watoto wenu, mkaongezeke huko wala msipungue. Utakieni amani mji ule niliowapeleka, mkauombee, kwa maana katika amani yake ninyi mtapata amani. Yaani uombee Babeli, mji uleule uliokuchukua mateka! Hakuna neno hata moja la kukaa tu na kuangalia njia, walikatazwa kuishi kama abiria wa stendi, begi mkononi, hata chai haagizi vizuri kwa sababu basi litakuja sasa hivi.

Na walitii kweli, hili si la mahubiri tu. Kuna vibao vya udongo vimepatikana kutoka eneo la kijiji kimoja kule Babeli kilichoitwa Al-Yahudu, vinaanzia mwaka 572 KK mpaka 477 KK, vimeandikwa kwa maandishi ya Kibabeli na humo ndani kuna majina mengi ya Kiyahudi, yakiwemo yenye jina la BWANA ndani yake. Unajua vimeandikwa nini? Kukodisha mashamba, madeni ya shayiri na tende, risiti za kodi, mambo ya nyumba na mirathi. Mimi nikisoma habari za vile vibao moyo unafurahi kabisa, kwa sababu naona mtu amemwita mwanae kwa jina la Mungu wake katika nchi ya ugenini huku analipa kodi na kuvuna tende, na kwangu hiyo ni imani sawasawa na ya yule anayefunga siku arobaini.

Kwa hiyo kwa kijana asiye na ajira, kujenga nyumba Babeli ni nini? Ni kujitolea hapo mtaani kwenu hata kama hakulingani na cheti, ni kujifunza ufundi, ni kuuza unachoweza kuuza kwa heshima bila kuwaza wenzako wa darasani watasemaje. Kwa dada ambaye hajaolewa, nunua kiwanja kama uwezo upo, soma, lea mtoto wa ndugu yako, pika chakula kizuri ukiwa peke yako, maisha yako yameshaanza. Kwa wanandoa, nendeni hospitali, na nasema nendeni kwa wingi, wote wawili mkapimwe, maana kwetu mzigo huu anabebeshwa mwanamke peke yake mpaka anazunguka madhabahu zote na mume hajapimwa hata mara moja, na hiyo siyo haki. Dawa na maombi havigombani.

Wengine hapa wananiuliza, mwalimu, nikijenga huku si ndio nimekata tamaa? Hapana. Yeremia huyu huyu, sura ya 32, Yerusalemu imezungukwa na jeshi la Babeli, yeye mwenyewe amefungwa katika uwanda wa walinzi, na anaambiwa anunue shamba la binamu yake kule Anathothi. Analipa shekeli 17 za fedha, mashahidi wanatia sahihi, hati zinawekwa kwenye chombo cha udongo zikae siku nyingi, kwa sababu BWANA amesema nyumba na mashamba na mizabibu itanunuliwa tena katika nchi hii. Ananunua ardhi ambayo tayari iko mikononi mwa adui! Na akishalipa ndipo anaomba maombi marefu ya mtu asiyeelewa, kwamba Bwana, mji unatekwa na wewe umeniambia ninunue shamba? Alitii kwanza, maswali akayapeleka kwa Mungu baadaye, wala hakukemewa kwa kuuliza. Na watu walirudi kweli, Ezra 2:23 inawahesabu watu wa Anathothi waliorudi kutoka uhamishoni, 128.

Na kuuliza kwenyewe tusikuogope. Zaburi 13 ina mistari sita tu lakini miwili ya kwanza inauliza "hata lini" mara nne. Daudi alipakwa mafuta angali kijana anachunga kondoo na akatawala akiwa na miaka 30, katikati hapo ni mapango na kukimbizwa. Kwa hiyo mtu akilia mbele yako kwamba amechoka kusubiri usimwambie akiri ushindi, mwache alie, hayo ni maombi, yamo kwenye Biblia.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili, nitajuaje kama namsubiri Mungu au najichelewesha mwenyewe? Na mimi huwa nauliza mawili. La kwanza, hicho unachosubiri ni ahadi au ni haja ya moyo wako? Ibrahimu aliahidiwa mwana na Mungu mwenyewe, na bado yeye na Sara wakachoka wakamleta Hajiri, kijakazi wa Sara, Ishmaeli akazaliwa Ibrahimu akiwa na miaka 86 na Isaka akaja akiwa na 100. Lakini mimi na wewe hakuna mahali tumeahidiwa ndoa kabla ya miaka 30 wala kazi ya serikali, haya ni maombi, tunaomba kwa machozi na kwa ujasiri wa watoto mbele ya baba yao, na Baba anaweza kutoa, anaweza kutoa kingine, na Waebrania 11:13-16 inasema wazi wako waliokufa katika imani wasijazipokea zile ahadi, wakaziona tokea mbali, na Mungu haoni haya kuitwa Mungu wao. La pili, kuna kitu chochote kiko mkononi mwako leo ambacho hujakifanya? Fomu hujajaza, simu hujapiga, daktari hujamwona, ndugu hujapatana naye? Kama kipo basi hicho ni chako, tukimaliza kuomba hapa nenda kakifanye kabla ofisi hazijafungwa, na kama hakipo, umefanya yote na mlango bado umefungwa, njoo tukae, nitasubiri na wewe.