Mitoki haipimi VVU

"Dokta, nimepima mpaka vidole vinauma, majibu ni hasi, sasa mbona mitoki imetoka?" Mitoki ni zile tezi za kinena zikivimba. Swali hili silimalizi. Mimi ni mnasihi wa upimaji, na wengi wanaoniuliza walivaa kondomu ikakaa mpaka mwisho, au waliishia kubusiana na kushikanashikana tu.

Mate hayaambukizi VVU. Jasho haliambukizi. Kondomu ikipasuka utaiona. Huna haja ya kuijaza maji kutafuta tundu. Mwenza anayemeza ARV, dawa za kufubaza VVU, vizuri na virusi vyake havionekani kwenye kipimo hakuambukizi kwa kujamiiana. Na kama hatari ilikuwepo kweli, wahi PEP, dawa za kuzuia maambukizi baada ya tukio, ndani ya saa 72, umeze siku 28.

Linaloniudhi ni hizi dalili. Watu wanajipima kwa kioo na tochi ya simu, wanachungulia ulimi na kuhesabu vipele. Ni kweli, wiki 2 hadi 4 baada ya kuambukizwa baadhi hupata homa, koo, vipele na tezi kuvimba. Lakini homa ni ya malaria pia, koo ni la mafua pia, na wapo wanaoambukizwa wasihisi chochote. Dalili hazikupi jibu, ziwepo zisiwepo. Halafu hofu nayo inautesa mwili: usingizi unakata, chakula hakipiti, unakonda, tumbo linaharisha. Ukifungua orodha ya dalili katika hali hiyo, utajikuta unazo zote. Kijana mmoja alinionyesha kinena chake: ngozi nyekundu, ina alama za kucha, kwa sababu kila akiingia chooni alikuwa anaibinya ile tezi kuona kama imekua. Tezi ukiibinyabinya hivyo lazima iume! Nilimwomba asiiguse wiki nzima. Aliporudi, hakuwa na cha kunionyesha.

Na ile miezi mitatu ya kusubiri kupima tena. Kitendanishi, yaani kipimo cha damu ya kidoleni, kinatafuta kingamwili, askari ambao mwili huwatengeneza dhidi ya virusi, na mwili huchukua muda kuzitengeneza, ndiyo maana tunakwambia urudi. Lakini miezi hiyo huhesabiwa tangu tukio lenye hatari. Busu halina miezi mitatu. Na ukipima baada ya siku 90, kama hukumeza PEP wala hakuna tukio jipya, hasi ni hasi. Hakuna virusi vilivyojificha vikikusubiri.

Ngono ya mdomo ndiyo inayonipa shida kuijibu. Siwezi kutamka sifuri. Nikisema hatari ni ndogo sana, mwenye hofu anasikia "ipo" na usiku halali. Wakati huohuo kisonono na kaswende hupita kirahisi kwa njia hiyo, na karibu kila mtu anasahau kuviulizia, ilhali vinatibika.

Nina shaka nyingine, ambayo sijaikuta kwenye mafunzo: ninapompima mtu huyuhuyu tena na tena, namtibu au naikuza hofu yake? Jibu humtuliza siku mbili tatu, kisha anataka lingine. Siku hizi naweka kitendanishi pembeni kwanza, namuuliza ni nini kinachomuuma kuhusu usiku ule. Mara nyingi linatoka jina la mke, au la mchumba. Hapo namwita mwenzangu wa afya ya akili. Wengine hukasirika, wakidhani nimewaita wendawazimu. Sivyo, ndugu zangu. Wasiwasi huu ni ugonjwa unaotibika, na mhudumu wake yupo chumba cha pili.