Dawa ya cheti si lazima iwe dawa kali

Dhana: Dawa ya cheti ni kali, isiyo ya cheti haidhuru

Sheria, inapoamua dawa ipi isiuzwe bila cheti cha daktari, haipimi ukali peke yake. Inauliza pia kama mgonjwa anaweza kuutambua ugonjwa wake mwenyewe na kutumia dawa bila mtaalamu kumfuatilia. Metformini, dawa ya kisukari, hailevyi wala haileti uteja, lakini ni ya cheti, kwa sababu ugonjwa huo haujulikani bila kipimo.

Parasetamoli, kwa upande wake, inauzwa kila kona. Mtu mzima akipitisha gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, anahatarisha ini lake. Wengi hufika huko bila kujua, maana dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani, na wao wameshameza ile ya kichwa. Mwaka 1998 Uingereza ilipunguza pakiti: vidonge 16 tu kwenye maduka ya kawaida, 32 kwenye famasi. Kidonge ni kilekile, ila idadi ndiyo iliyoamua kiuzwe wapi.

Na zipo krimu. Klobetasoli ni steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho wa ngozi) yenye nguvu, ya cheti, lakini utaikuta imepangwa na vipodozi, inatiwa kwenye mkorogo wa kung’arisha ngozi. “Si ya kumeza, ni ya kupaka tu.” Ikipakwa muda mrefu ngozi inakuwa nyembamba na kuota michirizi, na ikipakwa mwili mzima inaingia kwenye damu na kuvuruga homoni.

Dhana: Duka lenye kibali linaruhusiwa kuuza dawa yoyote

Duka la dawa muhimu si famasi. Mpango wa maduka haya ulianzia Ruvuma, Tanzania, mwaka 2003 ili vijijini kuwe na dawa bora na watoa dawa waliopata mafunzo. Yanauza dawa zisizo za cheti, pamoja na orodha fupi ya zile za cheti. Dawa ya cheti isiyo kwenye orodha hiyo, hata kama ipo kabatini, haikupaswa kuwepo.

Dhana: Mwandiko wa daktari haujalishi, watu wa famasi watausoma

Watausoma, ndiyo. Swali ni kama watasoma kile alichokusudia. Hata mwandiko mzuri unaweza kudanganya: “5.0” nukta ikififia inakuwa 50, na “.5” inakuwa 5. Salama ni 5 bila sifuri nyuma, na 0.5 yenye sifuri mbele. Insulini “10U” imewahi kusomwa 100, kwa hiyo neno “uniti” liandikwe lote. Mikrogramu nayo iandikwe kwa kirefu, kwani kuichanganya na miligramu ni kosa la mara elfu moja.

Methotreksati ya baridi yabisi humezwa mara moja kwa wiki. Ikimezwa kila siku inaweza kuua. Cheti kizuri hutaja hadi siku yenyewe: “kila Jumatatu”.

Kwa watoto mambo ni magumu zaidi. Chukua cheti kilichoandikwa “parasetamoli ya maji, kijiko 1 × 3”. Kijiko kipi? Na chupa ipi? Ipo yenye miligramu 120 katika mililita 5, na ipo yenye 250. Kijiko kilekile, dozi zaidi ya maradufu. Bila uzito wa mtoto na miligramu, mtoa dawa anabahatisha, na mimi naona cheti cha namna hiyo kirudishwe kwa aliyekiandika.

Dawa mseto ya malaria ni mfano mwingine. Kwa mtu mzima wengi huandika “4 × 2, siku 3”. Jumla ni vidonge 24, hesabu iko sawa. Ila dozi ya pili inatakiwa saa 8 baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata, na imezwe pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa ili ifyonzwe vizuri. Hayo yote “4 × 2” haiyasemi. Lazima mtu ayaseme dirishani na kuyaandika kwenye bahasha.

Dhana: Mofini ni dawa ya kulevya, kwa hiyo ni haramu

Inadhibitiwa, haijakatazwa. Ina cheti chake maalumu na rejista yake. Uganda tangu 2004 inawaruhusu wauguzi na maofisa tabibu waliosomea tiba shufaa (huduma ya kupunguza mateso ya wagonjwa mahututi) kuiandika, ili mgonjwa wa saratani aliye mbali na daktari asilie na maumivu.

Dhana: Mfamasia akimpigia daktari simu, hajui kazi yake

Kupiga simu ni sehemu ya kazi. Cheti kisicho na umri, nguvu ya dawa, idadi ya siku au jina la mwandishi kinahitaji simu hiyo kabla dawa haijatoka.