Sekunde 1.7 zilizozika nadharia za uvutano

Je, wajua kuwa nadharia kadhaa za uvutano zilikufa kwa ajili ya sekunde 1.7 tu?

Mwaka 1998 ilipogundulika kuwa ulimwengu unatanuka kwa kasi inayozidi kuongezeka, baadhi ya wanafizikia walianza kujiuliza kama fomula za uvutano za Einstein za mwaka 1915 zina upungufu. Zikatungwa nadharia mbadala chungu nzima. Katika nyingi kati ya hizo, mawimbi ya uvutano, yaani mitetemo ya anga na wakati inayosafiri ulimwenguni, hayalazimiki kwenda kwa kasi sawa na ya mwanga. Kwenye karatasi hilo halimsumbui mtu. Kazi ni kulipima.

Tarehe 17 Agosti 2017 nafasi ikapatikana. Mitambo ya LIGO iliyoko Marekani, ikisaidiwa na Virgo ya Italia, ilinasa mawimbi ya uvutano ya nyota mbili za nyutroni (masalia mazito mno ya nyota zilizokufa) zilizogongana katika galaksi NGC 4993, umbali wa miaka ya nuru ipatayo milioni 130. Sekunde 1.7 baadaye satelaiti ya Fermi ikaona mmweko wa miali ya gamma, ambayo nayo ni mwanga, ila macho yetu hayaioni.

Sasa piga hesabu. Kasi ya mawimbi na ya mwanga zingepishana hata kwa sehemu moja katika milioni, wasafiri hawa wangeachana kwa miaka 130. Mmoja angepita hapa mwaka 1887, Einstein akiwa mtoto wa miaka 8, na hakuna ambaye angejua.

Sekunde 1.7 zenyewe hazithibitishi kwamba mwanga uliachwa nyuma. Yawezekana miali ilichelewa tu kuchomoza baada ya mgongano. Hata ukiikadiria ilichelewa sekunde 10, tofauti ya kasi haizidi sehemu 3 katika milioni bilioni. Kabla ya mwaka kwisha, makala kadhaa zilishatoka kutangaza msiba: aina nyingi za galileoni, kundi mojawapo la nadharia hizo mbadala, zilizotungwa kueleza kutanuka huko, hazikupona. Zile ambazo mawimbi yake huenda sawasawa na mwanga, kama ya wanafizikia Brans na Dicke ya 1961, zingalipo.

Wabishi wapo, na hoja yao ina uzito. LIGO husikia mitetemo makumi hadi mamia kwa sekunde, ilhali nadharia hizi zilitungiwa mambo ya polepole mno, ya ulimwengu mzima. Huenda huko kasi ni nyingine. Wanaisubiri LISA, vyombo vitatu vya Ulaya vinavyopangwa kurushwa angani mwaka 2035, vitakavyopima mitetemo ambayo mmoja tu huweza kuchukua dakika kadhaa, hata saa nzima.