Deltoidi haipandishi mkono peke yake

Fundi rangi anayepaka dari na konda wa daladala anayeshika bomba la juu kutwa nzima hulalamikia kitu kimoja: mkono ukifika usawa wa bega, unachoma. Wengi hudhani deltoidi, ule msuli mnene unaofunika bega, ni dhaifu, basi wanakimbilia kunyanyua vyuma. Mara nyingi wanaongeza nguvu pasipohitajika.

Mkono ukiwa ubavuni, deltoidi huuvuta mfupa wa mkono karibu wima kwenda juu. Ikiachiwa peke yake, kichwa cha mfupa kitabana dhidi ya paa la bega, yaani mfupa ulio juu yake. Nafasi ya hapo ni kama sentimita 1 tu, na ndani yake mna kano na kifuko cha majimaji. Wanaozuia ni misuli minne midogo inayotoka kwenye kombe la bega, ule mfupa bapa wa mgongoni: supraspinatasi juu, subskapularisi mbele, infraspinatasi na teresi ndogo nyuma. Supraspinatasi hukikandamiza kichwa kwenye kikombe chake. Mitatu iliyobaki hukandamiza na pia huvuta chini. Utasikia bado kwamba supraspinatasi huinua nyuzi 15 za kwanza, kisha deltoidi hupokea. Vipimo vya umeme wa misuli vinakataa: yote miwili huanza kazi pamoja.

Infraspinatasi na teresi ndogo pia huuzungusha mfupa kwa nje ili nundu yake ipite chini ya paa. Jaribu mwenyewe: inua mkono kando, kiganja kikitazama chini, utahisi unakwama. Geuza kiganja juu, unapita.

Kisha kuna mgongo, ambao wengi huusahau. Katika nyuzi 180 za kuinua mkono, takribani 120 hutoka kwenye kiungo chenyewe na 60 kwenye kombe linalozunguka juu ya mbavu. Kombe huzungushwa na trapezi ya juu na trapezi ya chini, sehemu za msuli mpana wa shingo na mgongo, pamoja na serato, msuli ulio ubavuni. Serato ikilegea, trapezi ya juu hubeba mzigo na bega hukimbilia sikioni.

Kulitazama kombe likizunguka, vua shati, shika chupa ya maji ya nusu lita kila mkono, inua na kushusha polepole mara 5 huku mtu akiangalia kwa nyuma. Aangalie zaidi wakati wa kushusha. Hapo ndipo ukingo wa kombe hubenuka kama kuna udhaifu.

Mimi huanza na mpira wa ndani wa tairi la baiskeli: funga ncha moja mahali imara, shika nyingine, kiwiko kimekunjwa, taulo iliyokunjwa kati ya kiwiko na ubavu, zungusha kiganja nje, mara 12, seti 3. Halafu viganja ukutani, viwiko vimenyooka, sukuma kifua kirudi nyuma bila kukunja viwiko. Kuinua vyuma kando kungoje, na ukianza, inua mkono ukiwa mbele kidogo, kama nyuzi 30, si pembeni kabisa.

Ukianguka na ukashindwa kuinua mkono, ilhali mwingine anaweza kukuinulia, usiende kukandwa. Huenda kano imechanika. Nenda hospitali upigwe picha ya ultrasaundi.