Je, wajua? Ratiba ya "nusu mwaka nyumbani" ya mfanyakazi wa baharini ina saa nyingi za kazi kuliko mwaka wa ofisini

Mfanyakazi wa jukwaa la gesi baharini anayekaa wiki 2 kazini na wiki 2 nyumbani huonekana mwenye bahati: nusu ya mwaka yuko likizo, na mshahara unaingia. Hesabu inakataa. Jukwaani hakuna Jumapili. Zamu ni ya saa 12, siku 14 mfululizo, jumla saa 168. Wa nchi kavu mwenye wiki ya saa 40 hufikisha 160 katika wiki 4 hizohizo. Kwa mwaka pengo hupanuka: safari 13 za baharini ni saa 2,184, ilhali wa ofisini, akishatoa wiki 4 za likizo, hubaki na 1,920. Zile wiki za nyumbani ni saa ambazo tayari zimefanyiwa kazi, zikarundikwa upande mmoja wa kalenda.

Tena likizo yenyewe inaweza kuhesabiwa ndani ya hizo wiki. Nchini Uingereza wafanyakazi wa Bahari ya Kaskazini walidai likizo yao ya mwaka ikatwe kwenye wiki za jukwaani. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, katika kesi iliyohusu Transocean, kampuni ya kuchimba visima vya mafuta na gesi baharini, na waajiri wengine, ikasema hapana: mwajiri anaruhusiwa kuipanga katika wiki ambazo mtu yuko nchi kavu. Norway ina mpangilio mwingine uliozoeleka, wiki 2 kazini na 4 nyumbani.

Hata hivyo, kinachozitafuna zaidi siku za nyumbani hakionekani kwenye ratiba. Ni zamu ya usiku. Saa ya mwili hufanana na jahazi lililosheheni: usukani ukigeuzwa, chombo hakigeuki papo hapo, huja polepole, kama saa moja hivi kwa siku. Usukani wenyewe ni mwanga. Anayemaliza zamu saa 12 asubuhi akaingia moja kwa moja kulala katika chumba kisicho na dirisha hakutani na jua la asubuhi la kumrudisha nyuma, kwa hiyo baada ya wiki moja hivi mwili wake huanza kuuona usiku kuwa mchana. Kazini hilo ni jema. Siku ya 15 anashuka kwenye helikopta, jua linamwakia, na jahazi linaanza kugeuzwa upya, safari hii mbele ya watoto wanaotaka kucheza asubuhi. Sehemu kubwa ya wiki ya kwanza huishia hapo.

Kampuni nyingine hugawa safari: usiku 7, kisha mchana 7. Mtu hufika nyumbani mwili ukiwa umekaribia saa za familia, lakini mageuzi yanatokea katikati ya safari, wakati yuleyule anafungua vali na kusimamia kreni. Uchovu haufutiki. Mwenye kupanga ratiba anachagua tu ubebwe na nani, jukwaa au nyumba, na vipeperushi vya sera za kifamilia mara nyingi huwa kimya kuhusu uchaguzi huo. Tahadhari moja: tafiti nyingi za jambo hili zilifanywa Bahari ya Kaskazini, kwa vikundi vidogo, wengi wao wanaume. Karibu na ikweta, ambako jua huchomoza takribani saa ileile mwaka mzima, matokeo yanaweza kutofautiana.

Umbali nao hula. Anayetumia siku 2 kwenda na 2 kurudi hupoteza siku 4 kati ya 14 za mapumziko, ndiyo maana wanaotoka mbali mara nyingi hupendelea mzunguko wa siku 28 kazini kwa 28 nyumbani. Mwenyeji wa pwani huanza kupumzika siku anayoshuka, hivyo mzunguko mfupi unawezekana kwake. Ila naye hutakiwa kozi: ile ya msingi ya kunusurika baharini kwa viwango vya OPITO, shirika linaloweka viwango vya mafunzo ya sekta ya mafuta na gesi, ni siku 3, cheti hudumu miaka 4, na mara nyingi huwekwa kwenye siku za nyumbani.

Sasa, likizo ya uzazi au ya kuuguza itoke wapi? Nafasi moja inayofanya kazi usiku na mchana huhitaji watu 4: wawili jukwaani, wawili nyumbani. Mmoja akikosekana, mwenzake huombwa abaki wiki nyingine. Sera isiyomwajiri mtu wa tano hugeuka karatasi. Huyo wa tano angeweza kuwa kijana mwenyeji anayefundishwa, lakini kitanda kinazuia. Idadi ya watu jukwaani haivuki nafasi za boti za kuokolea, na mwanagenzi huchukua kitanda kizima ingawa bado hahesabiwi kuwa mwenye zamu. Kwa hiyo mengi hufundishwa kwanza nchi kavu, kwenye mitambo ya mazoezi: kufunga vali kwa mpangilio, kusoma kibali cha kazi (karatasi inayoruhusu kazi fulani ya hatari ianze), kupima gesi kabla ya kuingia tangini. Zile safari za kujifunza kwa vitendo hupangwa miezi kabla, wakati kitanda kitakapokuwa wazi, na matengenezo makubwa yakianza, kitanda hicho ndicho cha kwanza kuchukuliwa.