Simu yako ya zamani haipimwi kwa RAM

Wiki hii swali lilelile limenijia mara tatu, kutoka kwa watu watatu wasiofahamiana: "Kaka, simu yangu ina RAM ya GB 8 na kori nane. Android mpya itakuja tu, si ndiyo?" Wa tatu aliongeza kwamba ameinunua mwaka jana, kwa hiyo hawezi kuambiwa ni ya zamani. Nilimjibu kwa upole, kisha nikakaa nikaandika haya, kwa sababu nimechoka kumweleza mmoja mmoja, na kwa sababu watu wanatoa fedha zao wakiongozwa na imani isiyo na msingi.

Kazi yangu ni kuichukua Android inavyotoka kwa Google na kuikalisha juu ya ubao wa simu fulani: modemu ishike mtandao, kamera ifunguke, chaji isiishe usiku simu ikiwa imelala. Katika vikao nilivyokaa vya kuamua simu ipi ipande toleo jipya na ipi ibaki, swali la kwanza halikuwa RAM, ile kumbukumbu ya kazi ya simu, hata siku moja. Lilikuwa hili: aliyetengeneza chipu bado anatoa draiva, yaani programu zinazouwezesha mfumo kuitumia chipu hiyo?

Chukua Galaxy Nexus. Ilitoka mwaka 2011, ikiwa simu ya kuonyesha Android safi inavyopaswa kuwa, na ilikuwa na RAM ya GB 1. Mwaka 2013 ikaja Android 4.4, KitKat, toleo ambalo Google ililipunguza uzito kwa makusudi ili liweze kukimbia kwenye simu zenye MB 512. Galaxy Nexus ilikuwa na maradufu ya hiyo. Haikupata. Google ilisema muda wake wa masasisho, miezi 18, umekwisha. Lakini sisi wa kazi hii tulikuwa tunaangalia kwingine: chipu yake ilikuwa OMAP ya Texas Instruments, na Texas Instruments ilikuwa imejitoa kwenye biashara ya chipu za simu mwaka mmoja kabla. Nani angeandika draiva mpya za grafiki?

Au tazama upande wa Apple, ambako chipu na mfumo vinatoka nyumba moja. iPhone 5 na iPhone 5s zote zina RAM ya GB 1. Ya kwanza iliishia iOS 10. Ya pili ilifika iOS 12, na Januari 2023, zaidi ya miaka tisa tangu itoke, bado ilikuwa inapokea viraka vya usalama kupitia toleo la 12.5.7. RAM ni ileile, umri umepishana mwaka mmoja tu. Tofauti ni kwamba chipu ya A6 ndani ya iPhone 5 ni ya biti 32 na A7 ndani ya 5s ni ya biti 64, na iOS 11 iliiacha biti 32 kabisa.

Sasa kwa nini draiva ziwe na nguvu kiasi hicho? Kwa sababu Android haizungumzi na chipu moja kwa moja. Kati yao kuna kerneli ya Linux, kiini cha mfumo, iliyorekebishwa na mtengenezaji wa chipu, na juu yake kuna rundo la faili za grafiki, kamera, modemu na sauti ambazo sisi tunapewa zikiwa tayari zimefungwa. Msimbo wake hatuuoni. Toleo jipya la Android likidai kitu ambacho faili hizo hazikijui, tunabaki kumsubiri mwenye chipu. Akisema chipu hiyo ameshaiacha, mazungumzo mengi huishia hapo. Sony Xperia Z3 ilikuwemo kwenye majaribio ya Android 7 mwaka 2016, watu wakaitumia, kisha ikaondolewa toleo kamili lilipokaribia. Ndani yake mlikuwa na Snapdragon 801, chipu ya Qualcomm. Nexus 5 yenye Snapdragon 800, chipu ndugu yake, nayo iliishia Android 6.

Treble, mabadiliko ya muundo wa Android yaliyokuja na Android 8 mwaka 2017, ilitenganisha mfumo na sehemu ya mwenye chipu, ili toleo jipya liweze kukaa juu ya draiva za zamani. Imetusaidia sana, mimi ni shahidi. Haikufuta tatizo. Ilirefusha kamba.

Na kamba imerefuka kweli. Pixel 8 ya Oktoba 2023 iliahidiwa miaka 7 ya masasisho, Galaxy S24 ya Januari 2024 ikaahidiwa vizazi 7 vya mfumo na miaka 7 ya usalama, na mwaka 2025 Qualcomm na Google zikatangaza kwamba simu zitakazotoka na Snapdragon 8 Elite zinaweza kuungwa mkono hadi miaka 8. Sijasikia hata mmoja akisema ahadi hizo zimeletwa na kuongezeka kwa RAM.

Hapa ndipo linapoingia lile la "nimenunua mwaka jana", na naomba unisikilize taratibu, maana hili ndilo linaloniumiza kuliko yote. Tarehe uliyonunua simu haina maana yoyote kwenye hesabu hii. Saa inaanza kuhesabu siku ambayo modeli ilitoka. Ukinunua Pixel 8 ikiwa mpya kabisa, ndani ya boksi, plastiki haijabanduliwa, lakini ni katikati ya mwaka 2026, umenunua simu yenye miaka minne na ushee iliyobaki. Ile miwili na ushee ya mwanzo imeliwa ikiwa dukani. Ukichukua modeli iliyoahidiwa miaka miwili na ikakaa rafuni miaka miwili, umenunua simu mpya ambayo masasisho yake yamekwisha kabla hujaiwasha. Na mara nyingi muuzaji hakuelezi. Mimi naona ni dhuluma, na kwenye kila boksi ningeandika tarehe ya mwisho ya viraka kama inavyoandikwa kwenye dawa.

Kuna ujanja mwingine unaojificha kwenye neno "matoleo". Tuseme simu imetoka na Android 13 wakati Android 14 tayari iko nje, na imeahidiwa matoleo mawili. Mnunuzi anahesabu: 14 ndiyo iliyopo sasa, kwa hiyo nitapata 15 na 16. Hapana. Hesabu inaanzia kwenye lile ililozaliwa nalo: 14 ni la kwanza, 15 ni la pili, basi. Toleo moja kati ya mawili limetumika kuifikisha simu pale ambapo wenzake walianzia. Nimewaona wasomaji makini, watu wanaosoma hadi maandishi madogo, wakinaswa hapa.

Na kuna namba za ngozi, yaani sura ambayo kampuni ya simu huivisha Android, kama MIUI ya Xiaomi. Aliyepata MIUI 14 ananiandikia kwa furaha kwamba amepata Android 14. MIUI 14 ilitoka Desemba 2022. Android 14 ilitoka Oktoba 2023. MIUI ile kwa kawaida ilikaa juu ya Android 13, na kwenye simu nyingine juu ya Android 12. Namba ya ngozi na namba ya Android ni vitu viwili, na kampuni zinapozifanya zifanane zinajua zinachofanya. Ingia kwenye mipangilio, kuhusu simu, usome mstari wa Android wenyewe.

Ukiwa hapohapo, soma na mstari wa kiraka cha usalama, maana huo ndio ninaoujali zaidi. Toleo jipya linakuletea sura, ruhusa zilizoboreshwa na mambo mengine mazuri. Kiraka kinaziba tundu ambalo tayari linajulikana na kila mwenye nia mbaya anayesoma taarifa ya mwezi. Tangu Agosti 2015, baada ya balaa la Stagefright, tundu kubwa la usalama la Android, Google hutoa taarifa za viraka kila mwezi. Simu yenye Android 13 na kiraka cha mwezi uliopita ina hali bora kuliko yenye Android 14 ambayo kiraka chake kina miaka miwili. Watu wanakataa kuliamini hili. Namba kubwa inawapendeza macho.

Vilevile, kukosa toleo jipya si kufa. Tangu Android 10, baadhi ya vipande vya mfumo husasishwa kupitia Google Play bila kumsubiri mtengenezaji wa simu, na programu zenyewe hukaa muda mrefu: KitKat ya mwaka 2013 iliachwa na WhatsApp mwaka 2025 tu. Lakini vipande hivyo haviigusi kerneli, modemu wala draiva za grafiki. Kwa hiyo anayekwambia "Play inasasisha kila kitu siku hizi" amekupa nusu ya habari, nusu ile ya kukutuliza.

Sasa niseme yale ambayo watu wa fani yangu hawapendi kuyasema hadharani. Nimeyaeleza haya ya chipu kana kwamba ni ukuta. Si ukuta. Fairphone 2 ya mwaka 2015 ilitoka na Android 5 na ilikuwa na Snapdragon 801, ileile iliyoikwamisha Xperia Z3. Kampuni ile ndogo iliipandisha hadi Android 7 mwaka 2018, ikaendelea hadi 9, kisha 10, na ikaitunza mpaka mwaka 2023. Walifanya kazi wenyewe, wakisaidiwa na iliyokwisha kufanywa na jumuiya ya LineageOS, wajitoleaji wanaotengeneza Android yao wenyewe, na ilichukua muda mrefu kwa kila hatua. Kwa hiyo kampuni kubwa ikisema "chipu hairuhusu", mara nyingi inamaanisha kwamba kazi hiyo inahitaji wahandisi wengi na miezi mingi kwa simu ambayo fedha yake imeshaingia. Nimewahi kuandika sentensi ya aina hiyo kwenye ripoti, nikijua kwamba kwa miezi sita zaidi tungeweza. Linanisumbua mpaka leo.

Na RAM nayo, kwa haki, kuna mahali imeonekana kuhesabika. iPhone 6 ina chipu ya A8 na GB 1, na iliachwa na iOS 13 mwaka 2019. iPad mini 4 ina chipu ya A8 hiyohiyo lakini ina GB 2, na ikapanda hadi iPadOS 15. Apple haikutoa sababu. Mimi nikiziweka mbili hizi bega kwa bega, kitu kinachoonekana kuzitenga ni RAM. Kwa hiyo sisemi RAM haihusiki kabisa. Nasema ni swali la tatu au la nne, na wewe unalifanya la kwanza na la pekee.

Kuhusu kuflashi romu ya jumuiya, yaani kuweka kwenye simu Android iliyoandaliwa na wajitoleaji: nawaheshimu mno wanaoitengeneza, Nexus 5 iliishi miaka mingi zaidi kwa jasho lao. Lakini tarehe ya kiraka utakayoiona baada ya hapo ni ya sehemu ya Android. Faili za modemu na za grafiki zilizofungwa bado ni zile za siku mwenye chipu alipoiacha simu, na hakuna romu inayoweza kuziba tundu ndani ya faili isiyoweza kufunguliwa. Tena programu za benki huweza kukataa kufunguka kwa sababu butiloda, programu inayoiwasha simu, imefunguliwa. Ukiijua bei hiyo na ukaikubali, endelea.

Ulaya kuna kanuni iliyoanza kutumika Juni 20, 2025, nami naifurahia kwa jambo moja: kwa masasisho ya mfumo, inahesabu miaka isiyopungua 5 kuanzia pale modeli inapoacha kupelekwa sokoni, si ilipotoka. Wanasheria bado wanavutana juu ya maneno yake, kwa kuwa yanaweza kusomeka kwamba yanamgusa tu anayetoa masasisho. Hata hivyo mwanzo wa hesabu umesogezwa upande wa mnunuzi, na sikuwahi kudhani ningeliona hilo.

Basi, ukitaka kuniuliza kama simu yako itapata toleo lijalo, nitumie namba kamili ya modeli, ile yenye herufi na tarakimu iliyo kwenye mipangilio, si jina la matangazo. Nitumie na tarehe ya kiraka cha usalama inayosomeka leo. Siku modeli ilipotoka na chipu iliyomo nitazitafuta mwenyewe, halafu tutafungua pamoja ukurasa wa ahadi za mtengenezaji na kuhesabu miaka iliyobaki.