Je, Wajua Kwa Nini Shoka Hubebwa kwa Kushikwa Shingo?

Ukitoka Lubumbashi, kusini mwa Kongo, alfajiri kuelekea pori la upande wa Kipushi, mwezi wa Januari bowa, yaani uyoga wa porini, zikiwa zimejaa kando ya barabara, utawakuta wakata miti wakipita mmoja nyuma ya mwenzake kwenye kijia. Kila mmoja ana shoka mkononi, ila hakulishika mpini. Vidole vimezunguka shingo, pale mti unapoingia kwenye chuma. Makali yanatazama mbele, mpini unaning'inia nyuma. Mtoto wa mjini huona wamekosea. Mpini si ndio uliochongwa ili ushikwe?

Mpini ulichongwa kwa ajili ya kukata, na anayetembea hakati. Karibu uzito wote wa shoka umo kichwani. Hata shoka dogo, lile tunaloliita kashoka, lina kichwa cha nusu kilo au zaidi, na mpini wake ni mwepesi, wa sentimita thelathini na tano hivi au arobaini. Ukilishika mwisho wa mpini, kichwa hubembea jirani na goti lako kila unapopiga hatua, na mguu ukiteleza hukiwezi tena, kitakwenda kinakotaka. Ukilishika shingo, uzito wote umelala kiganjani, na kiwiko kikigeuka kidogo tu makali yanageuka nayo. Zaidi ya hapo, unaweza kulitupa. Baba mdogo wangu, aliyechoma makala, yaani mkaa, miaka mingi kabla ya kuhamia mtaa wa Katuba mjini, alinifundisha hilo kabla hajaniruhusu kukata hata tawi moja: ukihisi unaanguka, mkono wenye shoka unafunguka na kulirusha pembeni. Kwenye mteremko linabebwa kwa mkono wa upande wa bondeni, ili likitupwa liende chini, mbali na mwili.

Habari yote ya kubeba vyuma vya makali iko hapo, kwenye kuanguka. Watu hudhani ala ya kisu ni ya kulinda kisu. Kisu hakihitaji sana kulindwa. Ala ipo kwa ajili ya sekunde ile moja ambayo wewe uko chini na kisu kiko chini yako.

Na porini kwetu watu huanguka. Miti ya miombo ikikatwa haifi: kisiki huchipua, na mwaka unaofuata kimejificha ndani ya machipukizi na majani marefu. Mvua zinapokaribia kwisha, majani hukufika kifuani na huoni unapokanyaga. Kiangazi moto ukishapita unaona vizuri, lakini visiki vimebaki vimechongoka, vyeusi, vigumu kama msumari. Udongo wetu mwekundu ukilowa unateleza kama sabuni. Nilikuwa na miaka kumi na mitano nilipojikwaa nikiwa na kisu cha jikoni mfuko wa nyuma, nimekizungushia kitambaa na kuona nimemaliza. Niliketi juu yake. Ncha ilitoboa kitambaa, ikatoboa suruali, ikaingia kwenye nyama ya tako kiasi cha kucha ya kidole gumba. Baba mdogo alivua shati, akalikunja mara nne, akaligandamiza pale kwa kiganja chote bila kulifunua kutazama, hadi damu ilipokata. Hakunigombeza. Aliniuliza tu: "Mwanangu, ingekuwa upande wa ndani wa paja?"

Upande wa ndani wa paja unapita mshipa mkubwa unaopeleka damu mguuni. Ukikatwa, mtu anaweza kufa ndani ya dakika chache, na hospitali iko mbali. Ndiyo sababu wanaojua huweka kisu ubavuni, nyuma kidogo ya mfupa wa nyonga, upande wa mkono wenye nguvu. Mbele, kwenye kinena, hapana. Hapo hata ukichutama tu, ncha inatazama paja. Kuna wanaopenda kukilaza mgongoni, juu ya makalio, kwa kuwa hakionekani na hakisumbui. Mimi nakataa kabisa: ukianguka chali, unauangukia mpini mgumu kwa uti wa mgongo. Kukivaa shingoni kwa kamba nako nakukubali kwa kisu kidogo sana tu, na kwa kamba inayokatika ikivutwa kwa nguvu, maana kamba ngumu ikinasa kwenye tawi inakunyonga.

Ala yenyewe inataka mambo mawili: isitobolewe, na isikitoe kisu chenyewe. Kitambaa kinashindwa yote mawili. Ngozi nene ya milimita tatu hivi inaweza, ila fundi mzuri wa viatu akikushonea hatashona ngozi mbili juu kwa juu. Upande wa makali ataweka katikati ukanda mwembamba wa ngozi ya tatu, kisha mshono upite nje ya ukanda huo. Usipokuwepo, kila unapochomoa kisu makali yanalamba uzi, na siku moja ala inafunguka kama ganda la njugu bila wewe kujua. Kisha huilowesha ngozi, hukizungushia kisu plastiki nyembamba, hukiingiza na kuikandamiza kwa vidole mpaka ishike umbo. Ikikauka, kisu kinaingia na kukaa kwa kubanwa, hata ukiigeuza juu chini. Wafini, watu wa Finland, nao wana njia yao: ala yao ni ya kina kirefu, inameza karibu nusu ya mpini wa kisu, kwa hiyo mtu anaketi, anapanda mtumbwi, anainama, na kisu hakitoki wala hakihitaji kifungo.

Huna fundi wala ngozi? Bomba la plastiki la maji linatosha. Chemsha maji, tia kipande chake hadi kilainike, kitoe kwa koleo, kibane kati ya mbao mbili ukiwa umeweka ndani kijiti chembamba chenye unene wa kisu. Kikipoa kimekuwa bapa na kigumu. Ziba upande wa ncha, toboa matundu mawili ya mkanda. Tumia maji, usitumie moto wa makala, kwa sababu plastiki hiyo ikiungua hutoa moshi unaochoma mapafu.

Kwa shoka kazi ni nyepesi zaidi, kwa kuwa makali yake ni mafupi. Ukanda wa mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, uliozungushwa mara tatu juu ya makali na kufungwa kisogoni, unafanya kazi ambayo watu hununulia vifuniko vya bei. Shoka lililofunikwa hivyo unaweza kulifunga ubavuni mwa begi la mgongoni, kichwa chini karibu na kiuno na mpini juu. Kichwa kikiwa juu kiko jirani na shingo yako, na uzito unakuyumbisha. Pete ya mkandani, ile ya kupitisha mpini ili kichwa kikae kiunoni, inafaa ukiwa unapanda na kushuka mti. Kwa safari ya saa mbili mpini utakupiga pajani hadi uchoke. Begani bila kifuniko, hapana.

Hapa msomaji wa Katanga, eneo letu hili, atanisimamisha: mbona wakubwa wa kabila la Waluba walitundika shoka begani? Ni kweli, lakini shoka lile ni alama ya cheo. Chuma chake kimechorwa nakshi, mpini umechongwa kichwa cha mwanamke, na anayelivaa anasimama mbele za watu au anacheza. Hapiti kwenye visiki akiwa na gunia la bowa. Umbo lake linastahili kutazamwa hata hivyo, kwa sababu ndilo la mashoka mengi ya vijijini hadi leo: chuma hakina tundu, kina mkia unaopita ndani ya kichwa kinene cha mpini. Kila pigo linausukuma mkia ndani zaidi, hivyo shoka linajikaza lenyewe likifanya kazi. Kwa mbebaji kuna jambo la kuangalia: mara nyingi mkia hutokeza upande wa pili. Shoka la namna hiyo lina ncha mbili, na ukifunika makali peke yake umefunika nusu.

Shoka la dukani lenye tundu lina ugonjwa wa kinyume. Kiangazi mpini unakauka, unapungua unene, kichwa kinalegea. Likishikwa shingo unahisi ulegevu huo kiganjani kabla hujafika porini, faida nyingine ya kulibeba hivyo. Wengi hulilaza kwenye ndoo ya maji usiku kucha. Asubuhi limekaza kweli, lakini nyuzi za mti zilizovimba ndani ya chuma zimejiponda zenyewe, na zikikauka mpini unalegea kuliko jana. Dawa yake ni kabari mpya.

Mambo haya ni ya kale mno. Mwaka 1991, kwenye barafu ya milima ya Alps, mpakani mwa Italia na Austria, ulionekana mwili wa mtu aliyekufa miaka ipatayo 5,300 iliyopita. Alikuwa na kisu kidogo cha jiwe chenye ala yake iliyosukwa kwa nyuzi za gome la mti, na shoka la mpini wa sentimita 60 hivi. Kichwa cha shoka lile ni shaba, karibu shaba tupu. Sisi wa mji wa shaba, tuliozaliwa katika mkoa ulioitwa Shaba toka 1971 hadi 1997, tuna haki ya kuipenda habari hiyo. Mimi hunigusa ile ala: kabla ya chuma, mtu alikaa akasuka magome ili jiwe lake lisimchome akitembea.

Kabla hujapanda taxi-bus kurudi mjini, shoka na panga viingie ndani ya gunia, vifungwe. Panga tupu mkononi mwa mtu asiyejulikana linatisha watu, na mama aliyeketi karibu nawe na mtoto mgongoni hana ala. Wenye baiskeli za makala wana ustadi wao: huchomeka shoka kati ya magunia, makali yakiwa yamezama ndani, mpini peke yake ndio unaoonekana.

Ukifika nyumbani, kitoe kisu kwenye ala ya ngozi. Ngozi hunywa jasho na mvua na kuvihifadhi kwa siku nyingi, na chuma kilicholala humo msimu wa mvua kitaamka na madoa ya kutu. Kifute, kipake mafuta kidogo ya mawese au ya kula, kiweke juu ambako watoto hawafiki. Ala itundikwe kando yake, mdomo wazi, ikauke.